Isaac Cline Alipita Ufukweni au Hakupita?

Wiki hii inatimia kumbukumbu ya tarehe 8 Septemba 1900, siku kimbunga kilipoufuta mji wa Galveston, Texas, na ujumbe mmoja uliotufikia kutoka Mtwara ndio ulionifanya niweke kando mada niliyokuwa nimeiandaa kwa kipindi hiki. Msikilizaji huyo ameandika hivi: "Hao watu waliiona bahari inapanda mchana kweupe. Kwa nini hawakukimbia?"

Swali zuri sana. Kisa chenyewe wengi mnakifahamu, kwa hiyo nakipitia haraka. Galveston ni mji wa bandari juu ya kisiwa cha mchanga, wakati ule una watu zaidi ya 37,000, tajiri wa pamba, na mahali pake pa juu kabisa hapafiki mita 3 kutoka usawa wa bahari. Kimbunga kikaingia Jumamosi, bahari ikapanda mita 4 na zaidi. Kulipokucha Jumapili, watu wapatao 8,000 walikuwa wamekufa. Mpaka leo Marekani haijapata janga la asili lililoua watu wengi kuliko hilo. Hayo yanatosha, kwa sababu leo namtaka mtu mmoja tu: Isaac Cline.

Huyu bwana alikuwa mkuu wa ofisi ya hali ya hewa pale Galveston. Msomi, daktari, mchapakazi, na mdogo wake Joseph akifanya kazi naye ofisi moja. Na juu ya kichwa cha Isaac kuna ugomvi ambao haujaisha zaidi ya miaka mia moja baadaye. Yeye mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 1945, anasema asubuhi ile alifunga farasi kwenye kigari chake, akapita ufukweni huku na huku akiwaambia watu: ondokeni, nendeni sehemu za juu, na wageni warudi makwao. Anasema aliwaokoa maelfu. Mwandishi Erik Larson, katika kitabu chake cha 1999, alizipekua barua na maelezo ya manusura akimtafuta mtu aliyemwona Isaac akipita na kigari kile. Hakupata ushahidi wa kumridhisha. Sasa, msikilizaji, alipita au hakupita? Hapo ndipo ninapotaka tubaki.

Kwanza sikia mambo ambayo hayana ubishi. Alfajiri ya Jumamosi, Joseph alimwamsha kaka yake. Maji yalikuwa yanaingia uani. Isaac akashuka ufukweni, akatoa saa yake mfukoni, akahesabu muda kati ya wimbi na wimbi. Alichokiona kilimshtua: upepo unavuma kutoka nchi kavu kwenda baharini, ungetarajia uyarudishe maji nyuma, na bado maji yanazidi kupanda. Wavuvi mnaonisikiliza mnaelewa jambo hilo lina maana gani. Kuna kitu kikubwa huko nje kinachoyasukuma maji kushinda nguvu ya upepo wa hapa. Isaac akapeleka telegramu Washington, makao makuu ya ofisi yake, kwamba hali ya namna hiyo haijawahi kuonekana pale.

Na watu wa mji je? Watu wa mji walikwenda kutazama! Walipanda tramu kwenda ufukweni kutazama mawimbi yakivunja mabanda ya kuogea yaliyosimama juu ya nguzo baharini. Watoto walikuwa wanacheza katika mitaa iliyojaa maji, wanapanda vipande vya mbao. Mchana, wafanyabiashara walikuwa wameketi kwenye mkahawa wa Ritter wanakula kama siku zote, mpaka upepo ulipoliangusha paa na mitambo ya kuchapia iliyokuwa ghorofa ya juu ikawashukia. Watu watano wakafa palepale mezani. Mhudumu akatumwa kumwita daktari, naye akafia majini.

Msikilizaji wa Mtwara, usiwacheke watu hawa. Mafuriko ya mitaani waliyazoea. Kila mwaka maji yalipanda kidogo yakashuka, nyumba zao zilikuwa juu ya nguzo, na siku moja kabla ofisi ya hali ya hewa ilipandisha bendera nyekundu yenye mraba mweusi katikati, ambayo maana yake ni dhoruba. Ilikuwa dhoruba tu, kwa maana neno kimbunga halikutumwa kutoka Washington, na hakuna mtumishi wa mkoani aliyeruhusiwa kulitamka kabla ya makao makuu.

Hapa lazima nichepuke kidogo kwenda Cuba. Baada ya vita vya 1898 Wamarekani walikuwa wanaitawala Havana, na ofisi yao ya hali ya hewa ikafungua kituo pale. Lakini Wacuba walikuwa na wataalamu wao, na shule yao ilikuwa kubwa. Mapadri wa Kijesuiti wa Chuo cha Belén walianza kusoma vimbunga kwa mawingu na mawimbi tangu enzi za Padri Benito Viñes, na hakuna sehemu ya dunia iliyowashinda kwa kazi hiyo wakati ule. Mkuu wa ofisi ya Marekani, Willis Moore, hakuwapenda. Aliona wanatisha watu bure. Siku chache kabla ya kimbunga chetu, telegramu za Wacuba kuhusu vimbunga zikazuiwa kupita kwenye nyaya zilizokuwa mikononi mwa Wamarekani. Wacuba wakasema dhoruba hii imeiva, inaingia Ghuba ya Mexico, inaelekea Texas. Washington ikasema inapinda kaskazini, itapita Florida iishie Atlantiki. Waliokuwa sahihi walizibwa mdomo, na waliokosea ndio walioandikia bendera ya Galveston.

Ngoja kidogo. Mafundi wananiashiria kuna simu. Shikamoo, mama. Karibu.

Haya, wasikilizaji, kwa wale ambao laini haikuwafikia vizuri: mama huyu anapiga kutoka Kilwa, na anasema nisiwaonee watu wa Galveston. Anasema mwaka 2019 walisikia kimbunga Kenneth kinakuja, kule Mtwara watu wakaambiwa wahame, shule zikafungwa, kimbunga kikaenda kutua Cabo Delgado, Msumbiji. Mwaka 2021 wakasikia Jobo anakuja, kikafifia baharini. Kisha Mei 2024 wakasikia Hidaya anakuja, na wengine wakasema hata huyu atapita. Na tena ananiuliza: "Ukihama, mwanangu, mashua unamwachia nani? Nyavu je? Na kuku?"

Mama, asante sana. Swali lako limeupindua mpango wangu wote wa kipindi, na nalifuata.

Kwa sababu ni kweli, pwani yetu ina imani kwamba sisi tuko karibu mno na ikweta, vimbunga si vyetu. Lakini ulizeni Unguja ya 1872! Tarehe 15 Aprili mwaka ule, Sultani Sayyid Barghash akiwa hajamaliza hata miaka miwili kwenye kiti, kimbunga kiliipiga Zanzibar. Merikebu za Sultani na majahazi vikatupwa pwani na kuvunjika. Mikarafuu ya Unguja, utajiri wa kisiwa, ikang'olewa kwa maelfu, na kwa kuwa Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa, ndiyo iliyokuja kuwa kisiwa cha karafuu tunachokijua leo. Mwaka uliofuata, mjumbe wa Uingereza, Bartle Frere, alipokuja kumshinikiza Barghash afunge biashara ya watumwa, Sultani alijitetea kwamba kimbunga kimeshaifilisi nchi yake. Baadaye akaagiza meli mpya kutoka Uskoti, ikaitwa Glasgow, na hiyo ndiyo Waingereza waliyoizamisha bandarini mwaka 1896, katika vita vile vya chini ya saa moja. Meli ile ilizaliwa na kimbunga. Na Aprili 1952 kimbunga kingine kikaipiga Lindi. Kwa hiyo vimbunga ni vyetu pia, ila vinachukua muda mrefu kurudi, na muda huo unatosha mjukuu kutosikia alichokiona babu.

Lakini tazameni tofauti. Zanzibar ya 1872 haikuwa na telegrafu. Waya wa baharini ulifika pale mwaka 1879. Hakuna mtu angeweza kumwambia Barghash lolote. Galveston ilikuwa na waya, bendera, baromita, na mtaalamu anayelipwa mshahara kwa kazi hiyo. Ndiyo maana kisa chake kinauma zaidi.

Basi tumrudie Isaac. Alipita au hakupita?

Mimi nasema, hata kama alipita, kosa lilikuwa limeshafanyika miaka 9 kabla. Mwaka 1891 Isaac Cline aliandika makala katika gazeti la mji, akasema kuogopa kwamba kimbunga kinaweza kuiangamiza Galveston ni upuuzi mtupu. Alisema hivyo huku mji wa Indianola, kwenye pwani hiyohiyo ya Texas, ukiwa umepigwa 1875, ukapigwa tena 1886, mpaka watu wakauhama kabisa. Baada ya Indianola, wakubwa wa Galveston walizungumzia kujenga ukuta wa bahari. Ukuta haukujengwa. Na mtaalamu wao akawapa sababu ya kulala usingizi. Sasa mtu aliyekutuliza miaka 9, akija asubuhi moja na kigari kukuambia kimbia, utamsikiliza yupi? Yule wa gazetini au huyu wa ufukweni?

Na kuna jambo linalonisisimua kila nikilisoma. Isaac mwenyewe alikwenda wapi mchana ule? Alirudi nyumbani kwake, karibu na ufukwe, akipita kwenye maji ya kiunoni. Mkewe Cora alikuwa mjamzito, na alikuwa na binti zao watatu. Nyumba ilikuwa imara, na majirani kwa sababu hiyo wakaikimbilia. Watu wapatao 50! Joseph akamsihi wahamie katikati ya mji. Isaac akakataa, akaiamini nyumba yake. Jioni, kwa maelezo yake mwenyewe, maji yalipanda zaidi ya mita moja katika sekunde 4. Kisha kipande kirefu cha reli ya tramu, kikisukumwa na mawimbi, kikaigonga nyumba mpaka ikapinduka. Isaac, Joseph na wale binti watatu wakaelea gizani juu ya mbao mpaka maji yakashuka. Cora hakuonekana tena akiwa hai. Mwili wake ulipatikana wiki tatu baadaye. Wengi wa wale 50 walikufa.

Majirani walifanya nini? Walimtazama mtaalamu wa hali ya hewa. Walipomwona amebaki, wakabaki naye. Mama wa Kilwa, nadhani jibu lako liko hapo. Watu hutazama anayejua anaelekea wapi na watoto wake, halafu wanamfuata.

Mlinganisheni na Daktari Samuel Young, mtu wa soko la pamba aliyependa tu kusoma hali ya hewa. Familia yake ilikuwa ndani ya treni, inarudi Galveston. Akaitazama bahari Jumamosi asubuhi, akaandika telegramu: mshukie San Antonio, msije. Wakapona. Na huko ng'ambo ya mlango wa bandari, Bolivar, treni nyingine ilikwama majini. Abiria wachache wakashuka, wakavuka maji kwa miguu mpaka kwenye mnara wa taa, ambako watu wapatao 200 walijibana kwenye ngazi na kupona. Waliobaki kwenye mabehewa wakafa. Na katika nyumba ya yatima ya Mtakatifu Maria, ufukweni kabisa, masista 10 wakajifunga kamba za kuanikia nguo pamoja na watoto wao, wakaimba. Kati ya watoto 93 walipona wavulana 3. Hao nao hawakupuuza kitu. Hawakuwa na pa kwenda, na hakuna aliyewafuata na gari mapema.

Baada ya msiba, Galveston ikajenga ukuta wa bahari wenye kimo cha zaidi ya mita 5, kipande cha kwanza kikamalizika 1904, kisha wakauinua mji wenyewe kwa mchanga, nyumba kwa nyumba, mpaka makanisa. Mwaka 1915 kimbunga kikubwa kikaja tena, na waliokufa ndani ya mji walikuwa wachache. Isaac alihamishiwa New Orleans, akawa bingwa wa elimu ya vimbunga, akafariki 1955. Joseph alifariki mwaka huohuo, na ndugu hawa hawakuwa wamepatana.

Hukumu yangu ni hii. Nadhani alipita ufukweni, kwa kiasi fulani, na baadaye akakikuza kipito chake, kwa sababu alikuwa na Cora moyoni. Namhurumia sana. Lakini lawama kubwa naiweka kwa ofisi iliyowaziba mdomo Wacuba na kwa mji uliopenda kuambiwa uko salama.

Kwetu, msimu wa vimbunga katika Bahari ya Hindi ya kusini-magharibi huanza Novemba, na Hidaya ametuonyesha kwamba hata Mei si salama. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, ewe mwenyekiti wa kijiji, ewe sheikh, padri, mwalimu, ewe mzee wa diko, usiishie kwenye kipaza sauti. Vuta mashua yako juu kwanza mbele ya watu, mpeleke mama yako sehemu ya juu kwanza, na useme wazi mashua za wengine zitalindwa na nani. Kikipinda kikaenda kwingine, mshukuruni Mungu mrudi nyumbani, na safari ijayo hameni tena.