Asilimia 70 ya Nani?



Profesa George Saitoti alikuwa mbunge wa Kajiado Kaskazini, ambamo Kimuka ilikuwamo, tangu 1988 hadi alipofariki katika ajali ya helikopta Kibiku, Ngong, tarehe 10 Juni 2012. Mengi yamesemwa juu ya umakamu wake wa Rais, na juu ya kashfa ya Goldenberg, ambayo Mahakama Kuu ilimwondolea lawama mwaka 2006. Sisi mawakili tunataka kuzungumzia hesabu moja tu, kwani marehemu alikuwa mwanahisabati.

Katika mchujo wa KANU wa 1988, wananchi walijipanga nyuma ya wagombea mchana kweupe. Chifu aliona; mwajiri aliona. Aliyepata asilimia 70 alihesabiwa amekwisha kuchaguliwa, na kura ya siri haikupigwa tena. Asilimia 70 ya nani? Ya wanachama waliofika mlolongoni, si ya wapiga kura wote. Mtoto wa darasa la saba angeliona kosa hilo.

Mwaka 1990 Saitoti aliongoza kamati ya KANU iliyozunguka nchini kupokea maoni. Maaskofu, mawakili na wananchi wa kawaida walisema kwa ujasiri. Desemba hiyo, wajumbe waliokutana Kasarani wakafuta mlolongo na kanuni ya 70. Tunampa haki yake. Hata hivyo kifungu 2A, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee tangu 1982, kilibaki mpaka Desemba 1991. Kamati ilipanga upya viti vya ndani, mlango ukabaki umefungwa.

Machi 2002, Kasarani ile ile, KANU ilipoungana na NDP, makamu wenyeviti wanne walipitishwa kwa orodha iliyokwisha kupangwa. Jina lake halikuwamo, wala hapakuwa na kura ya kumwokoa. (Ninyi mliowahi kuletewa mgombea kwa tiketi ya moja kwa moja mwajua uchungu huo.) Agosti aliachishwa umakamu. Desemba akarudi bungeni kwa kura ya siri, kupitia NARC, muungano ambao chini ya 2A usingaliweza kuwapo.

Ikiwa yupo hapa mzee aliyesimama mbele ya kamati ile ya 1990, tunamwomba aje mbele atueleze alisema nini, kabla hatujaendelea na maswali.