Kabla ya Kutia Saini: Mzazi, Mtoto na Utafiti wa Tiba

(Maelezo yaliyotolewa kwa wazazi na walezi wa Bagamoyo na vitongoji vyake)



Tumezoea kukutana nanyi kuzungumzia mizani, lakiri, na tarehe za kwisha muda wa bidhaa. Leo tunaleta jambo lisilopimwa kwa mizani wala kutozwa bei, nalo ni ridhaa ya mzazi kumwingiza mtoto wake katika utafiti wa tiba. Yuko atakayeuliza kwa nini watu wanaoshughulikia haki za mlaji wajitie katika mambo ya wodi na sindano. Jibu letu ni kwamba mama anayeombwa mtoto wake ajaribiwe chanjo anatoa kitu kilicho kikubwa kuliko fedha yoyote anayoiacha dukani. Ikiwa muuza unga anawajibika kumweleza kilichomo ndani ya mfuko, mtafiti anawajibika zaidi.

Hapa Bagamoyo jambo hili si geni. Wageni huujia mji wetu kwa ajili ya magofu ya Kaole na majengo ya kale, lakini katika majarida ya udaktari jina la Bagamoyo limeandikwa mara nyingi kwa sababu ya watoto wake. Taasisi ya Afya ya Ifakara ina kituo cha utafiti katika mji huu. Mwaka 2008 zilichapishwa habari za watoto wachanga 340 wa huku ambao walipewa ama chanjo ya malaria iitwayo RTS,S ama chanjo nyingine ya kulinganishia, pamoja na chanjo zao za kawaida za kliniki. Mwaka 2009 ukaanza utafiti mkubwa zaidi wa chanjo hiyo, uliochukua watoto zaidi ya 15,000 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika. Vituo viwili vya Tanzania vilikuwa Bagamoyo na Korogwe. Kisha ikaja chanjo ya pili, R21, iliyojaribiwa Burkina Faso, Mali, Kilifi nchini Kenya, na tena hapa kwetu, kwa watoto zaidi ya 4,800 kwa jumla. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza ya kwanza Oktoba 2021 na ya pili Oktoba 2023. Mtoto wa Ghana au wa Malawi aliyepata kinga hiyo ameipata kwa kuwa akina mama na akina baba wa sehemu kama hizi walikubali kwanza.

Walikubali, na wengine walikataa, na kukataa kwao kulikuwa haki yao. Sisi watu wa pwani tunajua mzizi mmoja wa hofu: damu. Wazee wetu walisimuliana habari za mumiani, watu waliosemekana kuwavizia wenzao gizani na kuwafyonza damu ili itengenezewe dawa. Si vyema kuicheka hofu hiyo. Ilizaliwa katika enzi ambazo mwenyeji alichukuliwa mambo mengi pasipo kuulizwa wala kuelezwa. Hofu ya namna hiyo huondoka kwa maelezo tu. Basi ulizeni: atatolewa damu kiasi gani, mara ngapi, ipimwe nini, ihifadhiwe wapi, na je, itasafirishwa? Ukitajiwa mililita, kumbuka kwamba kijiko cha chai kinachukua mililita 5, nawe utapata picha mara moja.

Wapo wanaosema utafiti wote ufanywe Ulaya, sisi tuletewe dawa iliyokwisha kuthibitishwa. Hoja hiyo inavutia, lakini ina hatari yake, na ushahidi wa hatari hiyo hauko mbali nasi. Kati ya mwaka 2009 na 2011 ulifanyika utafiti katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania. Hospitali ya Tanzania ilikuwa Teule, iliyoko Muheza, mkoani Tanga. Watoto zaidi ya 3,100 waliofikishwa mahututi, wana homa kali na damu isiyozunguka vizuri mwilini, waligawanywa katika makundi. Wengine walitiwa maji mengi kwa haraka kupitia mshipani, kama ilivyokuwa desturi katika nchi tajiri. Wengine walipewa maji kidogo kidogo tu. Karibu kila mtu alitarajia kundi la kwanza litanusurika zaidi. Mambo yakawa kinyume. Ndani ya saa 48, katika kila watoto 100 waliotiwa maji ya haraka walifariki kati ya 10 na 11, na katika kila 100 wa kundi la pili walifariki kama 7. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Bila ya watoto wa Muheza na wenzao, tiba iliyoaminiwa ingeendelea kutolewa kwa nia njema, nayo inaua.

Katika hali ya dharura kama ile mzazi hana nafasi ya kusoma kurasa kumi. Utaratibu uliotumika ulikuwa kumweleza kwa maneno machache na kupata kauli yake, kisha kumpa maelezo kamili mtoto akishatulia. Utafiti wa chanjo hauna dharura hiyo. Mtoto anaingia akiwa mzima, na kwa hiyo hakuna sababu yoyote ya haraka. Muuguzi hapaswi kumbana mama anayesema, "Ngoja nikazungumze na baba yake," au, "Bibi yake yuko Saadani, nitampigia simu." Chukueni karatasi mwende nayo nyumbani. Isomwe kwa Kiswahili mnachokifahamu, kwa sauti, na asiyejua kusoma ana haki ya kuwa na shahidi wake aliye huru na watafiti, ndipo aweke dole gumba. Nakala moja inabaki kwenu.

Kuna jambo ambalo wazazi wengi hulikuta baadaye na kuhisi wamedanganywa, ingawa limeandikwa karatasini: si kila mtoto anapata chanjo inayojaribiwa. Makundi hupangwa kama kwa kura, na mara nyingi mzazi hajui mwanawe yuko wapi, wala daktari hajui. Katika utafiti wa R21, watoto wa kundi la kulinganishia walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo ina faida yake yenyewe. Ulizeni mapema: "Mtoto wangu akiangukia kundi la pili, atapata nini?" Swali hilo ni zuri kuliko yote tunayoyajua, na mtafiti mwema hulifurahia.

Ulizeni pia juu ya kibali. Kwa kawaida hapa nchini utafiti wa afya unapaswa kupata idhini ya maadili ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na majaribio ya dawa na chanjo yanahitaji pia idhini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kurudishiwa nauli ni jambo la kawaida. Anayewadai fedha ili mtoto aandikishwe ni tapeli. Na mzazi anaweza kumtoa mtoto wake wakati wowote, bila kutoa sababu, na bila mtoto kupoteza matibabu anayostahili katika kituo kile.

Sasa tuyageukie matokeo, kwa maana hapa mlaji hupotezwa hata na watu wasio na nia mbaya. Husemwa kwamba RTS,S ina nguvu ya asilimia 36 na R21 ina asilimia 68 au 75, kisha msikilizaji akahitimisha kwamba ya pili ni mara mbili ya ya kwanza. Hizo ni hesabu za vipindi tofauti. Asilimia 36 ni upungufu wa malaria kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi nne, wakafuatiliwa kwa takriban miaka minne. Asilimia 68 ya R21 ni ya miezi 12 ya kwanza, mahali ambapo malaria iko mwaka mzima kama huku kwetu. Na 75 ni pale ambapo ugonjwa huja na msimu na chanjo ikatangulia mvua. Katika mwaka wake wa kwanza RTS,S nayo ilipunguza malaria kwa takriban nusu. Kinga ya chanjo zote mbili hushuka kadiri muda unavyopita, na ndiyo maana dozi ya nne, inayokuja wakati mzazi amekwisha kusahau, haifai kuachwa. Kwa watoto walioanza wakiwa na wiki 6 hadi 12, matokeo ya RTS,S yalikuwa madogo zaidi, asilimia 26. Kwa hiyo chanjo hizi huanza mtoto akifikisha miezi mitano hivi. Kabla ya hapo hazimlindi. Anayemlinda ni mama aliyemeza dawa zake za kliniki wakati wa ujauzito, na chandarua chenye dawa kilichochomekwa vizuri chini ya godoro. Na baada ya chanjo chandarua kibaki palepale.

Matokeo yakitolewa kamili hutaja na mabaya. Homa baada ya sindano ilikuwa ya kawaida, na mara chache ilileta degedege. Utafiti mkubwa wa RTS,S ulionyesha pia visa vya homa ya uti wa mgongo vilivyozidi kidogo upande wa waliochanjwa, na haikujulikana kama ni bahati mbaya ya hesabu. Hilo halikufichwa. Chanjo ilipoanza kutolewa Malawi, Ghana na Kenya mwaka 2019, visa hivyo vilifuatiliwa kwa makusudi, na ongezeko halikuonekana tena. Vifo vya watoto wa umri uliostahili chanjo vilipungua kwa asilimia 13.

Utafiti mwingine hufika kwenu kupitia duka la dawa muhimu la mtaani. Vidonge vya dawa mseto vinavyoyeyuka katika maji kwa ajili ya watoto vilijaribiwa Tanzania pamoja na nchi nyingine nne za Afrika, na mwaka 2008 ikathibitishwa kwamba vinafanya kazi sawa na vile vya kusagwa. Hakuna haja tena ya kukata kidonge cha mtu mzima kwa kisu cha jikoni na kukisia robo. Taja uzito wa mtoto, omba cha kuyeyuka, angalia tarehe, mpe dozi yote ya siku tatu hata akianza kucheza siku ya pili. Mtoto mchanga wa chini ya kilo 5 msimpe dawa hiyo kwa kukadiria. Julai 2025 Uswisi iliidhinisha aina iliyotengenezwa mahususi kwa watoto wa kilo 2 hadi 5, ambayo uwiano na kiasi chake ni tofauti. Mtoto wa umri huo akipata homa apelekwe kituoni, na muuza duka anayewaelekeza huko amefanya kazi yake vizuri kuliko anayewauzia chupa. Chanjo ya malaria nayo si bidhaa ya dukani. Atakayewapitishia nyumbani kwa bei yoyote mripotini kwa mganga mkuu wa wilaya.

Limebaki deni moja upande wa watafiti. Mwanao akishiriki, dai uelezwe matokeo yalipotoka, kwa lugha yako, mkutanoni au kituoni. Usiridhike kuyasikia redioni miaka mitatu baadaye. Karatasi ya ridhaa ina jina na namba ya simu ya mtafiti, na namba nyingine ya kamati ya maadili kwa ajili ya malalamiko. Namba hizo mbili zinakilini mahali pengine, kwenye kadi ya kliniki ya mtoto au katika simu ya baba, kwa kuwa karatasi hulowa mvua ya masika na panya nao hawachagui.