KABLA YA KUPIGA DAWA, ULIZA JINA LAKE

(Mazungumzo kwa wawakilishi wa vikundi vya wakulima vya jumuiya ndogo ndogo)



Leo siongei juu ya mikopo. Naongea juu ya mdudu ambaye mara nyingi hazidi punje ya wimbi.

Wengi wenu mnamjua thripsi. Ni yule anayeingia katika maua ya mishiri na kunde, na katikati ya majani ya vitunguu, akaacha madoa yanayong'aa kama fedha. Huyo ni adui, hatubishani. Lakini wataalamu wamekwisha kueleza aina zaidi ya 6,000 za thripsi duniani, na karibu nusu yao hawana haja na mboga yako. Chakula chao ni kuvu, yaani ule ukungu unaoota juu ya matawi makavu, magome na majani yaliyokufa. Wengine hufyonza nyuzi za ukungu. Wengine, kama aina 700 hivi, humeza mbegu zake nzima nzima.

Mtaniuliza: mfanyakazi wa ustawi wa jamii na wadudu, wapi na wapi? Jibu ni pesa, na ni afya. Mama mmoja katika kikundi ninachokitembelea aliona wadudu weusi wakitembea juu ya matawi makavu aliyotandaza shambani kuzuia unyevu usipotee. Akakimbia dukani. Muuza dawa hakuuliza wadudu wako wapi wala wanakula nini, alitoa chupa tu. Pesa ilikuwa ya karo ya mtoto. Akapiga dawa bila kujifunika uso, mtoto mgongoni. Wale wadudu walikuwa wanakula ukungu. Mboga zake hazikuwa na ugonjwa wowote. Sasa niambieni, hasara hiyo ni ya nani?

Ndiyo sababu nataka mjue jinsi mtaalamu anavyomtambua thripsi mpya, ambaye hajapata jina. Yeye haanzi na chupa, anaanza na macho.

Kwanza, anakung'uta tawi kavu juu ya sinia nyeupe. Wadudu wakianguka, anawaokota kwa brashi ndogo na kuwaweka katika kichupa cha spiriti. Papo hapo anaandika karatasi: mahali, tarehe, mti gani, nani aliokota. Mdudu asiye na karatasi hiyo ni kama mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa.

Pili, anamlaza juu ya kioo chembamba na kumtazama kwa hadubini. Anahesabu vipingili vya papasi, anapima nywele za kichwani na mgongoni. Thripsi wengi wanaokula kuvu wana mkia kama mrija mdogo. Na thripsi wote wana ajabu moja: kinywani wana taya moja tu, la kushoto. La kulia halikui.

Tatu, anamlinganisha na wote waliokwisha kuandikwa. Hapa pana mtego. Katika aina nyingi zinazokula kuvu, dume mmoja huwa mkubwa mwenye miguu ya mbele minene, na ndugu yake huwa mdogo mwembamba. Ukiwaona utadhani ni makabila mawili. Zamani wataalamu waliwapa majina mawili, baadaye ikabidi waliondoe moja. Kwa hiyo mtu mwangalifu hatosheki na mmoja. Anatafuta wengi, dume na jike, wakubwa na wadogo.

Akiridhika kwamba ni mpya, anampa jina la sehemu mbili, kwa utaratibu unaofuatwa tangu Linnaeus mwaka 1758, na anachapisha maelezo yake. Mdudu mmoja anachaguliwa kuwa kielelezo na anawekwa katika makumbusho, ili yeyote mwenye shaka aende kumtazama. Kwa mfano, huko Australia kuna thripsi mmoja anayekula ukungu wa majani makavu ya mkaratusi. Anafika milimita 14, jitu kati ya thripsi. Haliday, mtaalamu wa Ireland, alimpa jina mwaka 1852, Idolothrips spectrum, na hadi leo tunamjua kwa jina hilo.

Vijana, msifikiri kazi hii ni ya ng'ambo tu. Makumbusho ya Taifa pale Nairobi yana hazina ya wadudu. Na kituo cha icipe, Kasarani, kilianzishwa mwaka 1970 na Mkenya mwenzetu, marehemu Profesa Thomas Odhiambo. Tawi kavu nyuma ya choo chenu linaweza kuwa na kiumbe ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwandika.

Kwa sisi wakulima, nawaachia mambo manne:

1. Tazama mdudu yuko wapi. Juu ya jani bichi au ua, au juu ya tawi lililokufa?
2. Usihukumu kwa rangi. Thripsi wa maua ya kunde ni mweusi naye ni mharibifu. Tafuta madhara kwenye mmea wenyewe.
3. Mwokote, mtie katika kichupa cha spiriti, andika karatasi, umpelekee afisa wa kilimo kabla ya kununua chochote.
4. Usichome matandazo kwa hofu. Udongo unayahitaji, na wadudu wadogo wa humo ni chakula cha wadudu wengine.

Katika kitabu cha Mwanzo, Mungu alimletea Adamu viumbe aone atawapa majina gani. Kumpa kiumbe jina ni kumtazama kwanza. Marehemu Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alitufundisha kwamba kila kiumbe kina thamani yake mbele ya Mungu, hata kama hakituletei faida.

Basi juma hili kila kikundi kilete kichupa kimoja chenye karatasi yake. Tutavipeleka pamoja kwa afisa wa kilimo. Nanyi akina mama, ile pesa ya karo ikae pale pale ilipo mpaka tupate jibu.