Maabara ya Pwani ya Mbweni

Pwani ya Mbweni, Zanzibar, karibu na magofu ya shule ya St Mary's ya karne ya 19, kuna maabara isiyongoja bajeti. Mpe mtoto kiboksi kilichojaa mchanga, ukifunge ukanda wa mpira. Akivute juu ya mchanga mkavu, apime mpira umerefuka kiasi gani. Kisha akivute juu ya vijiti vya mviringo. Safari hii mpira hurefuka kidogo tu, kwani msuguano umepungua. Wavuvi wetu wanalijua hilo, ndiyo maana huviringisha vyombo vizito juu ya magogo. Mtoto aliyeihisi kani mkononi hatishwi na kanuni za mwendo alizochapisha Newton mwaka 1687. Walimu, maji yakipwa watoeni wanafunzi, na kila mmoja avute mwenyewe. Kumtazama mwalimu akivuta hakutoshi.