Vumbi la Mawe na Afya ya Askari

Ndugu askari na polisi, huko Cibitoke, Bujumbura, nyumba hujengwa kwa mchanga, mawe na saruji. Katika mchanga na mawe mengi mna silika, yaani silikoni iliyoungana na oksijeni. Jiwe kavu likipondwa au kukatwa, chembe zisizoonekana kwa macho huingia mapafuni zikayatia makovu. Huo ndio ugonjwa wa silikosisi. Hauna dawa ya kuuponya, tena hukaribisha kifua kikuu. Mwaka 1997 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walithibitisha kuwa vumbi hilo huleta saratani ya mapafu.

Basi, mjengapo kambi, lowesheni jiwe kwanza, vaeni barakoa ya vumbi, wala msifagie pakavu. Kitambaa hakitoshi. Na afisa awaamuruye vijana kuponda mawe makavu ajue anawajeruhi pasipo vita.