Usifute Ule Ujumbe



Ndugu yangu, dada yangu, nianze na khala wangu. Asubuhi moja simu yake ililia, mtu asiyemjua akamwambia: "Mwambie jirani yako alipe deni letu, ama mtaa mzima utajua." Jirani huyo alikuwa amekopa kwa programu ya simu, akachelewa siku chache tu. Wakopeshaji walikuwa wamechota namba zote zilizo kwenye simu yake. Wakampigia khala, wakampigia mwalimu wa watoto, hata muuza samaki. Yule mama alikaa ndani wiki nzima, anaona haya kutoka.

Najua nawe unamjua mtu yaliyempata kama haya.

Utaniambia, mikopo ile ni riba, aliyekopa ajilaumu mwenyewe. Suala la riba ni zito, na masheikh wetu wanalieleza. Lakini kosa la mtu halihalalishi kudhulumiwa. Kumvunjia heshima mbele ya mtaa ni kosa jengine, na lina sheria yake.

Sheria hiyo haikushuka yenyewe. Kwa miaka kadhaa programu hizi zilikopesha Wakenya bila ya msimamizi. Watu wakalalamika, waandishi wakaandika, watetezi wa wateja wakapaza sauti, mambo yakafika bungeni. Sheria ya Benki Kuu ikarekebishwa mwaka 2021, kanuni zikatoka Machi 2022. Sasa mkopeshaji wa simu lazima awe na leseni ya Benki Kuu. Amekatazwa kutisha, kutukana, na kuwasumbua watu walio kwenye simu yako eti kwa sababu umechelewa kulipa.

Na si maneno ya karatasi tu. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilimtoza mkopeshaji mmoja faini ya shilingi 2,975,000. Jambo lile lilianza na watu wa kawaida walioketi wakaandika malalamiko yao.

Hiyo ndiyo kazi ya vikundi vya kutetea wateja. Biashara hupiga hesabu. Kama kumuaibisha mtu kunarudisha pesa haraka na hakuna gharama, wataendelea, hata tukikasirika vipi. Wakiona wenzao wanapigwa faini, leseni iko hatarini na wateja wanahama, hesabu inageuka. Na mfanyabiashara mwaminifu naye anapumua, manake hashindani tena na mvunja sheria.

Sasa wewe ufanye nini? Hauhitaji ofisi. Watu watano wa mtaa mmoja na daftari wanatosha kuanza.

Kwanza, weka ushahidi. Piga picha ya ujumbe, andika namba, tarehe na saa. Pili, iandikie kampuni yenyewe, uipe siku za kujibu. Wengine hurekebisha hapo hapo. Tatu, ikinyamaza, peleka lalamiko kwa Kamishna wa Data. Sheria inampa siku 90 kulichunguza na kulimaliza. Benki Kuu nayo iulize kama mkopeshaji huyo ana leseni. Kama mko kumi mliosumbuliwa na kampuni moja, pelekeni pamoja.

Nne, hakikisha kabla ya kumtaja mtu mitandaoni. Kumsingizia mfanyabiashara pia ni dhulma, na siku tukikosea mara moja, hakuna atakayetuskiza tena. Akijirekebisha, sema pia, watu wajue.

Njia hii hii inafaa kwa mizani ya duka inayopunja na mtungi wa gesi uliojazwa nusu. Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya bidhaa bora, ya kupewa maelezo, na ya kulipwa fidia ukipata hasara kwa bidhaa mbovu.

Nimalizie na yule jirani. Alilipa, akabadilisha namba, akanyamaza. Tulipomwendea kumsaidia kuandika lalamiko, tulikuta ameshafuta jumbe zote kwa aibu. Hatukuwa na chochote mkononi, na wale jamaa wakaendelea na mwengine.

Aibu si yako, ni ya aliyeandika matusi yale. Kwa hivyo leo ukiupata ujumbe kama ule, usiufute. Mwonyeshe mtu unayemwamini, kisha kaeni muandike.

Wassalaam.