Mabenchi ya Kanisa

Fungu letu la leo ni Injili ya Yohana, sura ya 17, kuanzia mstari wa 20. Hapo twamsikia Bwana Yesu, usiku ule aliosalitiwa, akiwaombea wanafunzi wake. Wala si wao tu, bali na sisi tulioamini kwa mahubiri yao. Atuombea tuwe kitu kimoja, na sababu yake aitaja wazi: kusudi watu wa dunia wamwamini kuwa ametoka kwa Baba.

Basi, tukigombana, hasara si yetu peke yetu. Ni ya jirani aliye nje, anayetutazama.

Hilo tumejifunza kwa aibu. Kijijini kwetu alifariki mama mmoja mjane, mshirika wa kanisa la ng'ambo ya barabara. Wenzetu wakaja kutuomba mabenchi ya mazishi. Sisi wazee tukakaa, tukashauriana, tukajibu kwamba mabenchi ni ya washirika wetu. Siku ile waombolezaji waliketi chini, na ardhi ilikuwa na maji ya mvua. Baada ya maziko, kijana wa yule mama, ambaye hakuwa wa kanisa lolote, akatuuliza, "Wazee wangu, huyu Mungu mnayemhubiri ni mmoja, au kila kanisa lina wake?" Mwaka mzima tulikuwa tukimwalika ibadani. Siku hiyo hatukuwa na jibu.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Wamisionari wa kwanza waligawana sehemu za nchi: hapa Waanglikana, pale Wapresbiteri, kule Wamethodisti au Africa Inland Mission. Mkristo aliyehama kwao kwenda kutafuta kazi alijikuta mgeni katika nyumba ya Baba yake. Kwa ajili hiyo wajumbe wa misioni hizo walikutana Kikuyu mwezi wa Juni 1913, watafute njia ya kushirikiana. Mwishoni Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Meza ya Bwana katika kanisa la Wapresbiteri, na wengi wa madhehebu mengine wakashiriki. Askofu Weston wa Zanzibar alikasirika, akawashtaki maaskofu wenzake kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Ugomvi ule ulifika mbali, na muungano waliouwazia haukutimia.

Hata hivyo, mbegu haikufa. Mwaka 1918 misioni hizo ziliunda ushirika wao, na mwaka 1926 ikafunguliwa Alliance High School, pale pale Kikuyu. Mwaka 1955 Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti walianza kuwafundisha wachungaji wao pamoja katika chuo cha Limuru. Hakuna aliyelazimishwa kuacha desturi za kanisa lake. Waliona kwamba kazi ni kubwa kuliko jina lililoandikwa mlangoni.

Paulo awaambia Wakorintho kwamba yeye alipanda na Apolo akatia maji, lakini mwenye kukuza ni Mungu. Shamba ni lake. Je, mpanzi na mtia maji wakipigania jembe, mche utakuwaje?

Ndugu msikilizaji, yako mambo tunayoweza kuanza nayo juma hili. Tusimseme vibaya mchungaji wa kanisa jingine mbele ya watoto wetu. Tusiwavute washirika wa wenzetu na kuwahesabu kuwa mavuno, hali walikwisha kuvunwa. Na panapo msiba au ugonjwa, twende pamoja.

Sisi tulimwendea yule kijana, tukamwomba radhi. Alitukaribisha, akatupa chai. Kanisani bado hajaingia. Lakini siku hizi mabenchi huvuka barabara, yetu kwenda kwao na yao kuja kwetu, naye huwa wa kwanza kuyabeba. Twaendelea kumwombea, makanisa yote mawili.

Na tuombe. Ee Baba, utusamehe tulivyokuwa kikwazo kwa wanaokutafuta. Utupe moyo mmoja, ili jirani zetu wakuone wewe, wala si ugomvi wetu. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.